Mashine ya Kukatia Nyasi Haipigi Stata: Pima Kwanza, Stata Nunua Mwisho

Kila mvua za masika zinapoanza na nyasi kushika kasi, napigiwa simu zilezile. "Fundi, nimebadili stata, bado haipigi." Wengine wamebadili mbili. Pesa imekwenda, uwanja wa shule umefika magotini, na ile stata ya kwanza iliyotupwa kwenye vyuma chakavu ilikuwa nzima. Hilo linaniuma kweli, maana stata za mashine hizi si rahisi kupatikana kwetu na wengi huziagiza kutoka mbali.

Mwongozo huu ni wa mashine ya kukalia, ile yenye usukani, betri ya volti 12 na injini ya petroli ya silinda moja au mbili. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Kila hatua inamwondoa mshukiwa mmoja, na stata yenyewe, ile mota ndogo inayozungusha injini mpaka iwake, nimeiweka mwisho kwa makusudi.

## Vifaa

- Mita ya umeme ya dijitali. Ya bei nafuu inatosha, mradi isome mpaka sehemu ya mia ya volti.
- Chaja ya betri ya volti 12.
- Spana na soketi za milimita 10 na 13, pamoja na za inchi 7/16 na 1/2. Mashine nyingi zilizotoka Marekani zina nati za inchi. Spana ya 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, lakini inacheza, na mwisho wake inakula pembe za nati.
- Spana ya plagi na fila geji, vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi ya valvu.
- Brashi ya waya, msasa, magadi, maji ya uvuguvugu, mafuta ya mgando.
- Tochi, glavu na miwani ya kukinga macho.
- Mtu wa kukuzungushia ufunguo wakati wewe umeshika mita. Huyu usimkose, vipimo vyenye maana vyote vinamhitaji.

## Kabla hujagusa waya

Egesha mashine mahali tambarare, kaza breki ya maegesho, zima visu, weka gia huru. Chomoa kofia ya plagi, kisha uibane igusane na chuma cha injini, mbali na tundu la plagi. Kama kuna koki ya petroli, ifunge. Sasa injini inaweza kuzungushwa bila kuwaka.

Vua pete na saa. Pete ikikutanisha chanya ya betri na chuma cha mashine, itakuwa nyekundu kabla hujaitoa kidoleni. Sigara pia iweke mbali, kwani betri inayochajiwa inatoa gesi ya haidrojeni.

Ukifungua betri, anza na hasi. Ukirudisha, hasi iwe ya mwisho. Sababu ni hii: chesisi yote imeungwa na hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa chesisi, umeziunga pande zote mbili za betri kwa mkono wako.

## Hatua ya 1: Sikiliza sauti

Mwombe mwenzako akae kitini, akanyage breki na kuzungusha ufunguo. Wewe inama karibu na injini. Mlio unakuambia uelekee wapi:

- Kimya kabisa: pima betri, kisha nenda Hatua ya 4.
- "Ta-ta-ta-ta" ya haraka: betri imeisha au kiungo kimelegea. Hatua ya 2 na ya 3.
- "Tak" moja, basi: huyu ndiye anayewaponza wengi. Anza Hatua ya 3.
- Injini inazunguka nusu duara, inagoma, inajaribu tena: Hatua ya 2 na 3, kisha ya 6.
- Stata inalia "zzzzz" lakini injini haizunguki: gia ndogo ya stata haishiki. Hatua ya 7.

Usipige stata zaidi ya sekunde 5 mfululizo. Ipumzishe dakika moja kabla ya kurudia. Mota hii ni ndogo, inachota umeme mwingi na haina feni ya kuipoza. Stata nyingi nilizofungua zikinuka kuungua hazikufa kwa uzee, zilichomwa na mtu aliyeng'ang'ania ufunguo.

## Hatua ya 2: Betri

Pima betri ikiwa imepumzika, yaani saa kadhaa tangu ilipochajiwa au mashine ilipozimwa. Betri iliyojaa inasoma 12.6 mpaka 12.8. Ikisoma 12.2 iko nusu, na ikisoma 12.0 iko karibu na robo. Chini ya 12.4 ichaji kwanza, usiendelee na lolote.

Lakini usiishie hapo, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Betri iliyochoka inaweza kusoma 12.6 ikiwa imekaa tu. Weka ncha za mita juu ya vichwa vya betri vyenyewe, si juu ya vibanio vya nyaya, kisha mwenzako apige stata sekunde 3. Usomaji usishuke chini ya 9.6. Ukiporomoka mpaka 7 au 6 na betri umeshaijaza, ipeleke dukani ikapimwe kwa mzigo, maana huenda seli moja imekufa. Injini iliyokwama nayo huivuta betri hivyo, kwa hiyo kabla ya kununua mpya pitia pia Hatua ya 6.

Angalia pia ukubwa wa betri. Nimekuta mashine za kukalia zimefungwa betri ya bodaboda kwa sababu ni rahisi na inapatikana kila kona. Volti ni 12 kweli, ila uwezo wake wa kutoa umeme mwingi kwa mkupuo ni mdogo. Inaamsha injini siku mbili tatu, halafu lawama zinahamia kwa stata.

Kwa ninyi mlio nchi za baridi: betri iliyolala ghalani majira yote ya baridi bila kuchajiwa huenda haitashika chaji tena. Ikiwa imeganda au imevimba, usiichaji. Ibadilishe.

Dalili ya mafanikio: 12.6 au zaidi ikipumzika, na 9.6 au zaidi stata ikipigwa. Betri umeshaiondoa kwenye orodha.

## Hatua ya 3: Nyaya nene na viungo vyake

Kama huna muda wa kusoma mwongozo wote, soma hatua hii.

Mzee mmoja mtunza bustani wa hoteli ya pwani alikuja kwangu, akaiweka stata mezani taratibu kama mtu aliyebeba mayai. "Mwanangu, hii ni ya tatu. Na betri ni mpya." Niliijaribu palepale. Ikaruka, ikalia vizuri. Nikamwambia, "Mzee, stata haina kosa. Twende kwenye mashine."

Tulipofika nilipima waya wa hasi huku yeye akizungusha ufunguo. Mita ikasoma 2.8. Karibu volti tatu zilikuwa zinapotea kati ya betri na chuma cha injini. Kibanio kilikuwa kimesuguliwa kikang'aa, ungeapa ni kizima. Nikakata ganda la waya kwa wembe, kidole kimoja kutoka kwenye kibanio, na badala ya shaba nyekundu ukamwagika unga wa kijani. Zilibaki nyuzi chache tu ndani. Chumvi ya bahari ilikuwa imepenya na kuila shaba chini ya ganda ambako hakuna anayetazama.

Kwa nini mita haikumwambia mapema? Kwa sababu alikuwa akipima bila kuzungusha ufunguo. Umeme usipotembea, hata uzi mmoja wa shaba unatosha kuonyesha 12.6. Upungufu unajitokeza pale tu stata inapoudai umeme wake. Kwa hiyo vipimo vyote vinavyofuata vinafanywa stata ikiwa inapigwa.

Upande wa hasi. Weka mita kwenye volti za mkondo mnyoofu (DC). Ncha moja juu ya kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kisafi cha mwili wa stata. Pigeni stata. Usomaji uwe chini ya 0.3. Ukizidi, sogeza ncha ya pili ukirudi nyuma: chuma cha injini, bolti ya waya kwenye chesisi, kibanio cha betri. Mahali ambapo namba inashuka ghafla, tatizo liko kati ya hapo na pale ulipotoka.

Upande wa chanya. Ncha moja juu ya kichwa cha chanya cha betri, nyingine kwenye nati ya stata. Kabla ya kuzungusha ufunguo mita itasoma volti zote za betri, usishtuke. Stata inapopigwa, usomaji uwe chini ya 0.5. Ukizidi, pima kipande kwa kipande: kichwa mpaka kibanio, kibanio mpaka solenoidi (swichi ya umeme inayoipa stata umeme, nimeieleza Hatua ya 5), kutoka bolti moja kubwa ya solenoidi mpaka nyingine, solenoidi mpaka stata. Kila kiungo kikivuka 0.2 kifungue.

Kama ufunguo ukizungushwa volti zinabaki 12 kati ya kichwa cha chanya na nati ya stata, ujue umeme haufiki kabisa kwenye stata. Nenda Hatua ya 4 na ya 5.

Kusafisha: mimina magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu juu ya vibanio, yatatoa povu. Suuza, kausha, sugua kwa brashi mpaka risasi na shaba zing'ae. Maji hayo yasiingie ndani ya seli za betri. Mahali waya wa hasi unapofungwa kwenye chesisi, ondoa rangi na kutu kwa msasa mpaka chuma kitupu kionekane. Kaza kwanza, ndipo upake mafuta ya mgando juu. Waya uliooza ndani haufai kusafishwa. Nunua mwingine wa unene uleule au zaidi.

## Hatua ya 4: Kimya kabisa? Fyuzi, ufunguo na swichi za usalama

Anza na fyuzi. Mara nyingi iko karibu na betri au chini ya dashibodi, na nyingi ni za ampea 20, ila fuata kilichoandikwa kwenye mashine yako. Itoe na uipime kwa mita, usiiamini kwa macho. Safisha na miguu yake. Ikikatika tena mara tu unapoiweka, kuna waya umechubuka na kugusa chesisi. Tafuta chini ya kiti na palipo na viota vya panya, maana hao wanapenda sana kutafuna maganda ya waya. Usiweke fyuzi kubwa zaidi wala usifunge kwa waya wa kawaida. Utaunguza nyaya zote, na chini yako kuna tangi la petroli.

Baadaye fuata swichi za usalama: ya breki, ya visu na ya kiti. Kwenye mashine nyingi, bila breki kukanyagwa na visu kuzimwa umeme hauendi kwenye solenoidi hata betri iwe mpya. Mwenzako azungushe ufunguo huku akibonyeza breki kwa nguvu zaidi, kisha awashe na kuzima swichi ya visu mara kadhaa. Ikishtuka hata mara moja, umempata mkosaji. Chomoa soketi ya swichi hiyo, tazama kutu, na uipime kwa mlio wa mita: ikibonyezwa hali ibadilike, ikiachwa irudi.

Usiziunge swichi hizi moja kwa moja na kuondoka. Najua gereji nyingi zinafanya hivyo. Swichi ya kiti ndiyo inayozima injini mtu akianguka, na visu havisubiri mtu ainuke. Unga kwa dakika moja ya kupima kama ni lazima, gia ikiwa huru na kofia ya plagi imetolewa, kisha funga swichi nyingine.

## Hatua ya 5: Solenoidi

Ni kile kidude chenye bolti mbili kubwa na mguu mmoja au miwili midogo, ambacho waya mnene wa chanya unapita kabla ya kufika kwenye stata. Kwenye mashine nyingi kiko chini ya kiti, karibu na betri.

Pima mguu mdogo wa waya unaotoka kwenye ufunguo, ncha ya pili ikiwa kwenye hasi ya betri. Ufunguo ukizungushwa isome karibu na volti za betri. Isiposoma, rudi Hatua ya 4, kosa liko huko.

Ikisoma na solenoidi iko kimya, angalia upande wake wa hasi. Yenye mguu mdogo mmoja inapata hasi kupitia mwili wake, kwa hiyo kutu chini ya bolti za kuifungia inatosha kuinyamazisha. Yenye miguu midogo miwili ina waya wake wa hasi, ufuate. Hasi ikiwa safi na bado iko kimya, solenoidi imekufa. Inalia "tak" lakini bolti ya upande wa stata haipati umeme? Mabati ya ndani yameungua, nayo ibadilishe.

Mtindo wa kuunga bolti mbili kubwa kwa bisibisi siupendi na siufundishi. Cheche zake ni kali, petroli iko karibu, na njia hiyo inaruka swichi zote za usalama. Mashine ikiwa kwenye gia itaondoka na wewe.

Stata ikigoma kunyamaza hata ukitoa ufunguo, chomoa hasi ya betri haraka. Mabati ya solenoidi yamegandana, jambo linalotokea sana pale betri dhaifu inapolazimishwa kupiga stata.

## Hatua ya 6: Je, injini yenyewe inazunguka?

Hatua hii watu wanaisahau, ilhali imeua stata nyingi zisizo na hatia.

Toa plagi. Zungusha flaiwili, lile gurudumu zito la injini lenye meno yanayoshikwa na stata, kwa mkono kufuata mshale wa saa. Ikigoma hata bila plagi, usiilaumu stata. Angalia mkanda, visu vilivyokabwa na kamba au nyasi, au injini iliyokwama ndani.

Petroli ikiruka kutoka kwenye tundu la plagi, kabureta inavuja na silinda ilijaa. Chomoa kijiti cha oili ukinuse. Oili iliyopanda juu ya alama na kunuka petroli imwage yote na uweke mpya kabla ya kuwasha, kisha tengeneza sindano ya kabureta. Oili iliyochanganyika na petroli haina nguvu ya kulinda vyuma.

Kama inazunguka vizuri bila plagi lakini inagoma ukiirudisha, shuku tapeti, yaani nafasi ya valvu. Injini hizi zina kifaa kidogo kwenye kamshafti (mhimili unaofungua valvu) kinachofungua valvu kidogo wakati wa kuwasha ili kupunguza mgandamizo. Nafasi ya valvu ikiwa kubwa kupita kiasi, kifaa hicho hakiifikii, na stata inapambana na mgandamizo wote. Mashine inazunguka nusu, inagota, inarudi. Kila mtu anasema stata imechoka.

Kuseti tapeti:

1. Injini iwe baridi. Fungua kifuniko cha valvu.
2. Ingiza mrija wa plastiki kwenye tundu la plagi na uzungushe flaiwili mpaka pistoni ifike juu kabisa valvu zote mbili zikiwa zimefunga. Endelea mpaka pistoni ishuke kama milimita 6. Hapo kile kifaa hakigusi valvu.
3. Pitisha fila geji. Kwenye injini nyingi za Briggs & Stratton za silinda moja zenye valvu za juu, ya kuingiza ni inchi 0.003 mpaka 0.005 (milimita 0.08 mpaka 0.13), ya ekzosi ni inchi 0.005 mpaka 0.007 (milimita 0.13 mpaka 0.18). Namba za injini yako ndizo za kufuata. Injini zenye tapeti za oili haziseti kwa mkono.
4. Rekebisha, kaza nati ya kufungia, zungusha injini duara mbili kamili, pima tena.

Dalili ya mafanikio: plagi ikiwa mahali pake, stata inavuka ule mgoto bila kusita.

## Hatua ya 7: Stata yenyewe

Umefika hapa na umeme unafika kamili? Sasa una haki ya kuifungua. Chomoa hasi ya betri, toa waya wake, legeza bolti mbili za kuifungia.

Ibane kwenye jiliwa, usiishike mkononi, kwa sababu inapopewa umeme inaruka kwa nguvu. Kwa nyaya za kuchangia betri, unga hasi kwenye mwili wake na chanya kwenye nati. Gia ndogo inatakiwa kuruka juu na kuzunguka kwa kasi mara moja.

Ikizunguka bila gia kuruka, safisha mhimili wake mpaka gia iteleze kwa kidole na kurudi yenyewe. Usipake grisi. Grisi inashika vumbi la nyasi na ndani ya wiki gia inaganda. Meno ya gia yakiwa yamelika, badilisha gia peke yake kama inapatikana kivyake, na tazama meno ya flaiwili mzunguko mzima kwa tochi. Usifunge gia ya chuma mahali palipokuwa na ya plastiki, maana itatafuna meno ya flaiwili, na flaiwili ni ghali kuliko stata.

Isipozunguka, fungua kifuniko cha chini utazame kaboni, vile vipande vinavyopitisha umeme kwenda kwenye sehemu inayozunguka. Zikibaki milimita 3 au pungufu, zimekwisha. Waya wa ndani ukinuka kuungua na kuwa mweusi, hapo ndipo ununue stata nyingine.

## Hatua ya 8: Kufunga na kuhakiki

Safisha uso wa injini inapokaa stata, kwani hasi yake inapita hapo. Kaza bolti mbili kwa zamu ili stata ikae wima. Unapokaza nati ya waya, shikilia nati ya ndani kwa spana ya pili. Bolti ile ikizunguka inakata waya wa kaboni ndani, na stata mpya inakufa kabla ya kufanya kazi.

Rudisha nyaya, hasi mwisho, kofia ya plagi, na ufungue petroli. Washa. Injini ianze kuzunguka papo hapo kwa mlio mmoja usiokatika.

Ikiwa imewaka, bado usiondoke. Weka mafuta kasi ya juu na upime vichwa vya betri. Isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, chaji haifiki: kagua soketi ya waya unaotoka chini ya flaiwili, kisha regyuleta (kidhibiti cha chaji) na mahali ilipofungwa kwenye chuma cha injini. Mashine ya yule mzee ilisoma 12.3 hapo, soketi imejaa kutu ileile ya kijani. Tuliisafisha, ikapanda 14.1, naye akaondoka na stata mbili za akiba.